Sekunde tano za dereva mwenye simu

Ajali haina kinga. Ndivyo tulivyozoea kufarijiana kila basi linapopinduka na kila mtoto anapogongwa akivuka barabara kwenda shuleni. Msemo huo una haki yake matangani, lakini hauwezi kumtetea dereva aliyeinamia simu, akiandika ujumbe kwa kidole gumba huku mkono mmoja tu ukiwa kwenye usukani. Huyo hakupatwa na ajali. Aliiendea kwa hiari yake, na aghalabu aliwabeba wenzake.

Kwa mujibu wa mamlaka ya NTSA, watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2024. Mwaka uliotangulia walikuwa 4,324. Waendao kwa miguu ndio walio wengi katika hesabu hiyo ya kutisha. Nayo simu ni mkosaji mjanja: haiachi harufu mdomoni kama pombe, wala hakuna kifaa cha kupuliza kitakachomuumbua dereva aliyekuwa akiitazama.

Walimu wa hisabati na fizikia watatuwia radhi tukiingilia kazi yao. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio upeo wa matatu, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisoma "Umefika wapi?" na kuanza kujibu, tuseme kwa sekunde tano, atakuwa amekwenda mita 111, zaidi ya urefu wa uwanja wa kandanda, macho yakiwa magotini. Hata mjini, kwa kilomita 50, ni karibu mita 70. Katika mita hizo kuna kivuko, kuna bodaboda, na kuna mtoto aliyefunzwa na mwalimu wake kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mtoto huyo ametazama. Ameliona gari lingali mbali, naye anaamini kwamba aliye ndani yake anamwona pia. Mafunzo yote tuliyompa yamesimama juu ya imani hiyo.

Sheria tunayo. Kanuni za mwaka 2016 zinamtoza faini ya shilingi 2,000 dereva anayetumia simu gari likienda. Lakini askari aliyesimama kando ya barabara ataonaje kilichofichwa chini ya usukani? Wanaoona ni abiria, nao hunyamaza. Mmoja akithubutu kusema, huambiwa ashuke akanunue gari lake. Hata sisi tunaoandika haya tumewahi kunyamaza, tukajifanya twatazama nje dirishani. Hata hivyo, dereva anayemdharau abiria mmoja hatawadharau kwa wepesi abiria watano wakisema pamoja, na wanafunzi wasafirio kwa makundi wana nafasi nzuri ya kulianza jambo hili. Wasiombe kwa matusi. Wamwambie tu utingo aishike simu hiyo, maana hata kuhakikisha kwamba nauli imeingia ni kazi yake, si ya dereva.

Tena ujumbe una pande mbili. Yupo anayeusoma, na yupo aliyeutuma akijua fika kwamba mwenzake yuko barabarani. Hapa lawama inatufikia sisi wazazi, na inawafikia walimu pia. Basi la shule likichelewa robo saa, simu ya dereva hulia bila kukoma: mzazi huyu, mzazi yule, mwalimu wa zamu, kisha mwalimu mkuu mwenyewe. Kila mmoja anauliza kwa mapenzi kama watoto wako salama, na kwa kuuliza kwake anauongeza ule usalama kuwa haba. Mwaka 2017 sheria iliagiza mabasi ya shule yapakwe rangi ya manjano ili yaonekane kwa mbali. Ni ajabu kuwa na basi linaloonekana na kila mtu, likiongozwa na mtu asiyeona.

Dawa haihitaji fedha wala kamati. Dereva wa basi la shule aikabidhi simu yake kwa mwalimu au mhudumu aliyemo kabla ya kuwasha injini, na airudishiwe breki ya mkono ikishavutwa. Muhula unapokaribia kwisha, walimu wakuu huwaandikia wazazi barua kuhusu safari ya kurudi nyumbani. Tunawasihi waandike humo nambari ya mhudumu, na ile ya dereva waifute.