Kompyuta inaonyesha injini, lakini haikazi bolti

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, kuendesha shule ya ufundi kumekuwa mzigo mzito. Benki zilifungwa, vipuri ni adimu, na kijana asiye na kazi anaitwa upesi na wenye silaha. Katika hali hiyo linasikika shauri hili: umekanika ufundishwe kwa kompyuta, kwa programu zinazoigiza injini, mahali pa injini yenyewe.

Tusilikatae haraka. Injini ya mipigo minne inafanya kazi yake ndani ya chuma, jicho halioni. Kwenye kompyuta mwanafunzi anaona pistoni ikishuka na kuvuta hewa na mafuta, ikipanda na kukandamiza, moto ukiisukuma chini, kisha ikipanda tena kutoa moshi; na mhimili mkuu umezunguka mara 2. Mwalimu anaweza kusimamisha yote, kurudisha nyuma, hata kuchelewesha cheche ili darasa lione nguvu inavyopungua. Akikosea, hakuna valvu inayopinda. Tena zipo programu za bure. Zile za PhET, zilizoanzishwa 2002 na Carl Wieman huko Colorado, Marekani, zinaeleza msuguano, mwendo na umeme, hata kwa Kifaransa, na zikiisha kupakuliwa hazidai intaneti.

Lakini bolti iliyoshikwa na kutu haimo ndani ya programu. Mkono ndio unaojua kwamba imekazwa vya kutosha, kabla haijakatika. Harufu ya oili iliyoungua, mlio wa pikipiki iliyobeba abiria mwaka mzima juu ya mawe ya volkano: hayo mtu anayajua kwa kuyashika na kuyasikia.

Kwa hiyo, ndugu wa kamati za shule, kama sadaka inatosha kitu kimoja tu, inunue sanduku la spana na injini mbovu ya kufungua. (Mbovu hatukosi.) Pesa zikibaki, kompyuta moja na projekta, pamoja na paneli ya jua, zinatosha darasa zima, kompyuta kumi zisizo na umeme ni mapambo ya ofisi ya mkurugenzi. Kilichoonekana kwenye kompyuta Jumanne kifunguliwe katika karakana Alhamisi. Na mwalimu alipwe kwanza, kwa sababu asiyelipwa ataenda kwenye garaji ya mjini, na programu itabaki bila wa kuifungua.