Fundi wa Nyumbani: Skrubu Ndogo ya Kabureta

Mama anayepikia jiko la mafuta ya taa hahitaji kufundishwa habari za moto. Mwali ukiwa wa buluu, anajua kwamba jiko limekubali. Ukiwa wa manjano na kutoa moshi, sufuria hupata masizi na mafuta huisha kabla maharagwe hayajaiva. Injini ya pikipiki haina tofauti kubwa na jiko hilo. Nayo hutaka petroli na hewa kwa kipimo, na chombo kinachopima katika pikipiki za zamani ni kabureta.

Kwa uzito, kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Petroli ikizidi, mchanganyiko huitwa mzito: moshi huwa mweusi, plagi hulowa na kushika masizi, na tangi hukauka upesi. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi: injini husita inapotakiwa kuvuta, hupata joto kupita kiasi, na mwisho pistoni yaweza kukwama ndani ya silinda. Kosa la kwanza hula fedha. La pili hula injini yenyewe.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa na Yamaha DT 125 ya miaka ya 1970, yenye injini ya mipigo miwili. Alipofundisha kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, pikipiki haikumsumbua. Kisha akahamishiwa milimani, ambako barabara hupita mita 2,000. Huko hewa ni nyembamba. Kila pumzi ya injini ilikosa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa iliyoizoea, hali petroli iliendelea kumiminika karibu kama zamani. Ikaanza kutoa moshi na kuzimika kila aliposimama.

Kijana wa gereji akamwambia, "Mwalimu, chombo hiki kinakula mafuta. Tukibane." Akaitafuta skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta, akaikaza mpaka bisibisi ikakataa. Tangu siku hiyo mambo yakaharibika zaidi. Usiku mmoja mwanawe alishikwa na homa kali. Baba, mama na mtoto wakapanda pikipiki kuelekea zahanati. Kwenye kona ya pili ikazimika, isiwake tena. Mama akambeba mtoto mgongoni, wakaenda kwa miguu mpaka alfajiri. Mtoto alipona, lakini baba hakuisahau njia ile.

Fundi mzee aliyeitazama baadaye alicheka kidogo tu. "Mwalimu, walichokufungia si petroli. Wamekufungia hewa."

Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Kabureta za aina hii huwa na skrubu mbili za nje. Moja, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi, huinua na kushusha kipande kinachopanda na kushuka mkono unapozungusha mpini wa mafuta. Hiyo hupanga kasi ya injini wakati pikipiki imesimama. Ya pili, iliyo ndogo, hupanga mchanganyiko. Hii ndogo si ya namna moja katika pikipiki zote. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, basi ni skrubu ya hewa: kuikaza huongeza uzito wa mchanganyiko, na kuifungua huuleta wepesi. Ikiwa iko upande wa injini, basi ni skrubu ya petroli, na kazi yake ni kinyume: kuikaza huleta wepesi, kuifungua huongeza uzito. Asiyetazama kwanza skrubu iko upande gani atafanya kama kijana yule wa gereji, tena kwa nia njema.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, mwenye pikipiki na ahakikishe kwamba kosa haliko kwingine. Kichujio kisafishwe vumbi. Plagi ifunguliwe na kupigwa brashi. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukaguliwe, kwa maana ufa mdogo huingiza hewa isiyopimwa. Petroli iliyokaa miezi mingi imwagwe mahali pa salama. Kurekebisha skrubu juu ya kichujio kilichoziba ni kutia dawa kidonda kisichooshwa.

Kazi hii ifanyiwe nje ya nyumba, mchana, mbali na jiko, taa ya moto na sigara, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Injini isiwashwe chumbani hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Injini ikiwa imezimwa, skrubu ndogo ikazwe polepole huku mizunguko ikihesabiwa, mpaka iguse mwisho kwa ulaini. Isilazimishwe. Ncha yake ni nyembamba, na ikichimba kiti chake kabureta haitasikia tena marekebisho. Idadi ya mizunguko iandikwe, ili ikibidi mtu aweze kurudi alikotoka. Kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu, au kipimo kilichotajwa katika kitabu cha pikipiki hiyo kama kipo.

Sasa pikipiki iendeshwe kama dakika kumi ili injini ipate joto lake la kawaida, na choki iwe imefungwa kabisa. Ikisimamishwa, skrubu ya kasi iongezwe kidogo ili injini isizimike. Ndipo ile ndogo izungushwe robo mzunguko, kisha fundi angoje sekunde chache akisikiliza, kwa sababu injini haijibu papo hapo. Kasi ikipanda, azungushe tena upande ule ule. Itafika mahali mlio utakuwa wa juu na wa kulingana; akipita hapo, utaanza kushuka na kuyumba. Arudi upande wa pili mpaka ushuke tena. Kati ya nukta hizo mbili ndipo mahali pake. Mwisho, skrubu ya kasi ipunguzwe mpaka injini izunguke taratibu, na zoezi zima lirudiwe mara moja zaidi.

Jaribio ni rahisi. Mpini wa mafuta uzungushwe kwa ghafula kidogo. Injini ikisita kana kwamba imenyimwa, mchanganyiko ni mwepesi. Ikikohoa na kutoa moshi mzito, umezidi uzito. Kasi ikichelewa kushuka baada ya mkono kuachia, pia ni dalili ya wepesi, au ya hewa inayoingia kwenye ufa. Marekebisho ya mwisho yasizidi nusu ya robo mzunguko kila mara.

Ikiwa skrubu ya hewa inataka kukaa chini ya nusu mzunguko, huenda njia ndogo ya petroli imeziba na yafaa kusafishwa. Ikiwa inataka kupita mizunguko miwili na nusu au mitatu, njia hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko inavyotakiwa. Tena ifahamike kwamba skrubu hii hutawala mwanzo tu, yaani robo ya kwanza ya mpini wa mafuta au pungufu. Pikipiki inayokosa nguvu katika mwendo wa kasi ina shida katika sindano au njia kuu ya petroli, na hakuna bisibisi ya nje itakayoiponya.

Mwalimu alifunguliwa skrubu yake mpaka mlio ukatulia, akasafishiwa plagi, na moshi ukapungua. Fundi akamwachia onyo moja: atakapohamia tena ziwani, airudishe skrubu kama ilivyokuwa, maana kipimo kinachofaa kileleni huwa chepesi mno bondeni. Mwalimu aliandika hesabu zote mbili kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukiweka chini ya kiti, pamoja na plagi moja ya akiba.

Pikipiki mpya nyingi hazina skrubu hii. Petroli yao hupimwa kwa umeme. Lakini za zamani bado zipo katika nyumba nyingi, nazo hupeleka watoto zahanati na mahindi sokoni. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba ndiyo hukimaliza.