SHEREHE IMERUKA, KENDU BAY IMEBAKI

Ndugu wanachama,

Mwaka 2016 Siku ya Madaraka iliacha kukaa Nairobi, ikapelekwa Nakuru. Tangu hapo yapokezanwa mji hata mji kama kijiti cha wakimbiaji. Tarehe 1 Juni 2021 ilifika Kisumu, katika uwanja mpya wa Mamboleo. Tarehe 1 Juni 2025 ikarudi kando ya ziwa letu, mara hii Homa Bay. Katikati ya miji hiyo miwili, kwenye barabara ipitayo Ahero na Katito, uko mji mdogo wa Kendu Bay. Kijiti kiliruka juu yake.

Wengine watasema: hasara gani? Sherehe ni siku moja, gwaride na ngoma, kisha kila mtu kwao. Twawajibu: hatulilii ngoma. Sisi ndio tuchimbao mitaro, tupakao rangi na tufagiao barabara, nasi twajua kinachotangulia sherehe. Uwanja hujengwa, lami humwagwa, taa za barabarani huwashwa. Fedha ambayo miaka mingi tuliambiwa haipo, mara huonekana. Basi mji ulioachwa haukukosa ngoma tu, umekosa lami.

Tena tazameni ajabu hii. Neno kuu la sherehe ya Homa Bay lilikuwa uchumi wa maji. Na Kendu Bay ni bandari ya zamani! Meli za ziwani zilitia nanga pale tangu enzi za mkoloni, na makuli wakapata riziki kwa migongo yao. Hotuba juu ya maji husomwa uwanjani, lakini kuli hapati kazi kwa hotuba. Hupata kazi kwa gati.

Ng'ambo ya mpaka ndugu zetu wa Tanzania wana Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961. Hukimbizwa wilaya kwa wilaya, hata Tarime na Rorya, majirani zetu. Viongozi wa mbio husimama njiani kukagua shule, visima na zahanati, na kazi mbovu huweza kukataliwa mbele ya watu. Hatusemi mambo yao yote ni asali. Malalamiko ya michango ya Mwenge yamesikika huko, nasi twashika kwamba mshahara wa mfanyakazi usiguswe kwa ajili ya moto wowote. Lakini jambo moja ni jema: njia ya Mwenge haibagui mji mdogo.

Wakubwa watatuambia fedha haitoshi kila mji. Nani aliyeomba uwanja Kendu Bay? Gharama ya mitaro, bomba la maji na gati ndogo haifiki gharama ya uwanja mmoja.

Kwa hiyo twadai hivi. Kwanza, sherehe ikipelekwa kaunti yoyote, sehemu ya fedha ya matayarisho itengwe kwa miji midogo iliyo njiani. Pili, hesabu yake ibandikwe mahali pa wazi, kila mtu aisome. Tatu, kibarua alipwe kiwango cha haki, wala asifukuzwe kesho yake kama kiti cha kukodi. Nne, kibanda cha mama muuza samaki kisivunjwe kumpendeza mgeni kabla mwenyewe hajapewa mahali pengine.

Ndugu, taa ya barabarani si zawadi ya mgeni. Ni kodi yetu iliyorudi nyumbani, nayo haifai kungoja gwaride. Wanachama wa Ahero, Katito, Kendu Bay, Mbita na Asembo Bay, njoni katika mkutano wa tawi na orodha mkononi: ni kazi gani mjini kwenu inayongoja sherehe ndipo ifanywe? Tutaikusanya na kuipeleka kwa wakubwa kwa sauti moja.

Mnyonge mmoja hurukwa. Wanyonge mia wakisimama pamoja, njia haipiti bila wao.

Umoja ni nguvu!