Kwenye kibanda cha uani, anza na paa

Mwandishi wa makala ya kujenga kibanda cha uani ameeleza vizuri msingi na nguzo, ila kwenye paa amepita mbio mno. Kwa sisi wa Pwani, kibanda cha kupumzikia uani ni paa. Mengine yapo ya kulishikilia tu. Makuti yakilazwa kwa mwinuko mdogo, mvua za masika haziteremki upesi, maji yanatuama kati ya majani na paa linaoza mapema. Mwinuko usipungue nyuzi 40. 45 ni bora zaidi. Nunua makuti ya viungo, si yale ya kumba yanayosukwa kwa ajili ya ua. Uezekaji huanzia chini kwenda juu, kila safu ikipanda juu ya iliyo chini yake. Fundi anayebania huachanisha safu ili makuti yatoshe. Ingia ndani mchana utazame juu, ukiona jua linapenya kama kwenye chekeche, mwambie afumue kabla hujamlipa.

Nguzo za mvinje zinafaa kabisa. Boriti za mikoko ni imara, sawa, lakini kuikata kunataka kibali. Adui mkubwa ni mchwa. Wengi hupaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Mimi siafiki, hasa kama kuna kisima karibu. Afadhali nguzo isimame juu ya kitako cha zege, ishikwe na chuma, isiguse udongo.

Na jamani, jiko la mkaa libaki nje. Makuti makavu na cheche, mnajua wenyewe.