HASIRA YA MWANAO UWANJANI, NANI ANAIFUNDISHA?



Ndugu yangu mzazi, na wewe mwalimu wa michezo, naomba dakika zako chache.

Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia mechi ya shule mbili za sekondari. Beki wetu, kijana wa kidato cha tatu, alipigwa chenga mbele ya shule nzima. Refa alishapuliza filimbi na mpira umesimama, yeye akamfuata mwenzake akampiga teke la ugoko. Unajua sisi tuliokuwa pembeni tulifanya nini? Tulishangilia. Na mimi, na kanzu yangu na kofia yangu, nilicheka. Kijana akageuka, akatutazama, akatabasamu. Lile tabasamu lilininyima usingizi.

Wengi wetu husema: mtoto akiwa na hasira mpeleke mpirani, zitamtoka. Mazoezi yana kheri nyingi. Mwili unachangamka, usingizi unakuja, kijana anaepuka vijiwe. Lakini kukimbia peke yake hakumfundishi mtu kujizuia. Uwanjani hukua kile kinachopigiwa makofi. Ukipigia makofi subira, itakua. Ukipigia makofi kiwiko, nacho kitakua, kitamfuata bwenini, na kesho kitaingia nyumbani kwa mkewe.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuchukia michezo. Alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.). Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alitolea mfano mieleka hasa, akatufahamisha kuwa mwenye nguvu wa kweli ni anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Hakuwakataza mieleka. Aliwabadilishia kipimo cha nguvu.

Tazama mfano wa mtu mzima. Julai 9, 2006, mjini Berlin, fainali ya Kombe la Dunia. Zidane alishaifungia Ufaransa bao, na ilikuwa mechi yake ya mwisho. Dakika ya 110 maneno ya Materazzi yakamchoma, akampiga kichwa cha kifua, akapewa kadi nyekundu. Italia ikashinda kwa penalti 5 kwa 3, nahodha wa Ufaransa yuko nje. Mazoezi alikuwa nayo kuliko vijana wetu wote. Kilichopungua dakika ile ni kujizuia.

Utaniambia: shekhe, bila ukali timu haishindi. Sawa, lakini tutenganishe. Kukaba kwa nguvu ndani ya sheria ni kujituma. Kumfuata mtu baada ya filimbi ni hasira.

Sasa tufanye nini? Mtume (s.a.w.) alituelekeza kwamba aliyekasirika akiwa amesimama, akae, isipomtoka, alale. Na akatuelekeza kunyamaza. Mwalimu, dawa hiyo unaweza kuitumia pale pale kwenye benchi. Mtoe huyo kijana, akae chini, anywe maji, na asisemeshwe. Usimtukane, maana matusi ni kuni juu ya moto. Mtoe hata kama ni mfungaji wako bora, hata kama mmefungwa bao moja na muda unayoyoma. Mechi ile unaweza kuipoteza. Kijana utakuwa umemwokoa, biidhnillah.

Nawe mzazi, akirudi nyumbani usianze kwa kumuuliza amefunga mangapi. Muulize: leo walipokuchokoza, ulifanyaje?

Jumatatu yake nilimtafuta yule kijana. Nikamwambia, mwanangu, juzi nilikosea kucheka, nisamehe. Akainamisha kichwa, kisha akaniuliza: "Ustadhi, mbona watu wote walishangilia?"

Sikuwa na la kumjibu. Jibu lake tutalitoa sote Jumamosi ijayo, tutakapokuwa tumesimama pembeni mwa uwanja na faulo mbaya ikachezwa mbele ya macho yetu.

Ewe Mola wetu, wape vijana wetu afya ya miili na utulivu wa nyoyo, na utusamehe sisi tuliowapigia makofi walipokosea. Aamiin.

Mfikishie ujumbe huu mwalimu wa michezo wa mwanao.