Kipimo kisicho na betri kije, lakini kianzie kwa mkulima

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, msimu huu nimewaona tena mkipima mahindi kwa meno. Punje ikilia "ka!", gunia limepita. Kwa ukavu inasaidia kidogo. Kwa sumukuvu haisaidii kitu, kwani sumu hiyo haina rangi wala harufu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za kuvu, na wenye malori wanakumbuka.

Ndiyo maana nafuatilia vipimo vinavyojizalishia umeme. Ukivua sweta la nailoni wakati wa baridi unasikia vicheche, sivyo? Mwaka 2012 Zhong Lin Wang na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba karatasi laini za plastiki zikibonyezwa na kuachiwa hutoa umeme wa aina hiyo. Kisha ikaonekana kuwa kemikali ikitua juu ya karatasi hizo, umeme hubadilika. Kwa hiyo kitu chembamba, kinachokunjika, chaweza kuwa kipimo bila betri wala soketi. Maabara wameshapima hewa ya amonia hivyo. Sumukuvu ni ngumu zaidi, maana lazima usage punje na kuitoa sumu kwa kimiminika kwanza.

Msimamo wangu ni huu: kikifika, kisianzie mfukoni mwa mnunuzi. Mwenye kipimo ndiye mwenye bei, mizani ilishatufundisha. Kinunuliwe na AMCOS, mpime kabla gari halijafika, na jibu liandikwe pande zote zikiwepo. Najua wafanyabiashara mtaninunia, lakini hata ninyi mkikataliwa mpakani hasara ni yenu.

Tena msikubali kuchota sehemu moja. Punje chache zaweza kubeba sumu yote na nyingine zikawa safi. Bambo liingie juu, katikati na chini, gunia kwa gunia; changanya, ndipo usage. Bila hivyo, hata kifaa cha ajabu kitadanganya.

Kwa sasa anika juu ya turubai mpaka unyevu ushuke asilimia 13. Punje zenye ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa: sumu hupita hadi kwenye maziwa ya mtoto.