Mnasihi wa Wanafunzi Atoke Ofisini

Lipo wazo moja lililokaa vichwani mwa watumishi wengi wa elimu kwa muda mrefu mno, hata likaonekana kuwa amri isiyohojiwa. Wazo hilo ni kwamba elimu hutolewa ndani ya kuta nne, na kwamba mtoto mwenye dukuduku moyoni huitwa ofisini, akasimamishwa mbele ya meza ya mwalimu, akaambiwa: "Haya, sema." Asiposema, huhesabiwa kuwa mkaidi. Wazo hili ni potofu, nalo halina budi lipingwe hadharani. Mahali pa kuanzia kulipinga ni Katesh.

Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwamo Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka. Serikali ilifika kwa haraka. Majeruhi walitibiwa, maafisa wa ustawi wa jamii walitumwa kuwafariji waliofiwa, na baadaye nyumba mpya zilijengwa huko Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Hayo yalifanyika, na ni haki yasemwe.

Lakini kambi za maafa hufungwa, na wataalamu waliotumwa hurudi vituoni kwao. Anayebaki na mtoto ni mwalimu. Mlima nao hauhami. Mtoto wa Katesh akiingia shuleni anauona, akitoka anauona, na masika yakianza husikiliza kila ngurumo. Je, mtoto huyo atasaidiwaje kwa kuitwa ofisini dakika kumi, baada ya vipindi, na mwalimu ambaye bado ana rundo la madaftari ya kusahihisha?

Hapa tusiwalaumu walimu wetu. Shule zetu huwa na mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, lakini kwa kawaida huyo ni mwalimu wa Historia au wa Hisabati aliyeongezewa jukumu juu ya majukumu. Mara nyingine ndiye huyo huyo anayeshughulikia nidhamu. Asubuhi ameshika fimbo, na mchana anatakiwa ashike mkono wa mtoto yule yule. Tunashangaa nini basi mtoto akinyamaza?

Jambo la pili ni kwamba tumesahau adabu za watoto wetu wenyewe. Mtoto aliyelelewa vizuri katika jamii nyingi za nchi hii hamkodolei macho mtu mzima. Kumkalisha uso kwa uso na mkubwa wake na kumtaka afunue siri za moyo ni kumtaka avunje adabu aliyofundishwa nyumbani. Lakini mtoto huyo huyo, akitembea ubavuni mwa mkubwa, akichunga, akichota maji au akipanda miche, huzungumza bila kulazimishwa. Kila mzazi wa Hanang na Mbulu analijua hilo. Ni ofisi zetu tu ndizo zisizolijua.

Kwa hiyo hoja ya makala haya ni hii: nchi yetu inahitaji kazi mpya ya kitaaluma, yaani mwalimu mnasihi wa nje ya darasa. Huyu awe mtu mmoja mwenye ujuzi wa aina mbili: ujuzi wa kuwaongoza wanafunzi porini, mlimani na ziwani kwa usalama na kwa mafunzo, na ujuzi wa kusikiliza, kutunza siri, kutambua majonzi yaliyozidi kiasi, na kumpeleka hospitali mtoto anayehitaji daktari.

Wako watakaocheka wakisema kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 wakoloni walifungua shule ya mafunzo ya mlimani huko Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, kwa kufuata mawazo ya mwalimu Kurt Hahn, ambaye mwaka 1941 alishiriki kuanzisha shule ya namna hiyo huko Wales. Lakini ni nani aliyewafundisha babu zetu kuwatoa vijana kijijini na kuwapeleka porini chini ya uangalizi wa watu wazima waliochaguliwa kwa kazi hiyo? Jando lilikuwa nini kama si shule ya nje yenye mshauri wake? Mkoa wa Manyara ni miongoni mwa mikoa iliyosumbuliwa zaidi na ukeketaji, na wembe huo tunaukataa bila kusitasita. Lakini tukiukataa wembe hatulazimiki kuitupa pamoja nao hekima ya kumlea kijana nje ya nyumba, kwa maneno na kwa mwendo.

Wengine watasema: tayari tunayo Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, wanafunzi hutoka nje kila siku. Tuulizane ukweli. Hutoka kufanya nini? Katika shule nyingi aliyechelewa hufyeka nyasi, aliyepiga kelele huchota maji, na aliyekosa hesabu hulima. Tumewafundisha watoto kwamba ndani ndipo penye elimu na nje ndipo penye adhabu. Shamba ambalo Mwalimu Nyerere alitaka liwe sehemu ya masomo, sisi tumeligeuza kuwa jela ndogo. Hatuna haki ya kulitaja Azimio lile huku tukilipinga kwa vitendo.

Wako pia marafiki wa hoja hii ambao ni wa hatari kuliko wapinzani wake. Hawa hudhani kwamba inatosha kukodi basi, kuwapandisha watoto mlimani, kupiga picha na kurudi. Kwa mtoto wa Jorodom jambo hilo linaweza kuwa ukatili. Njia ya wageni wapandao Hanang huanzia Jorodom, na Jorodom ni mojawapo ya vijiji vilivyopigwa na tope. Anayemwambia mtoto aliyefiwa kwamba mlima utamponya, bila kujua kwamba mlima huo ndio uliomjeruhi, ni mbumbumbu, hata kama nia yake ni njema. Na hiyo hasa ndiyo sababu ya kudai kwamba kazi hii iwe taaluma yenye mafunzo, cheti na maadili, wala isiwe burudani ya siku moja.

Mnasihi aliyefunzwa angeanzia uani mwa shule. Angewapa watoto kipimamvua, waandike kila asubuhi mvua iliyonyesha, ili wajue kwa hesabu na si kwa hofu mvua ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kutoa taarifa kwa wakubwa. Kisha wangechora ramani ya makorongo na njia za kukimbilia. Wangepanda miti na kuitunza. Wangekwenda Balangida kuona magadi, au Basotu kuona ziwa lililokaa ndani ya kreta, wajifunze kwamba nchi yao ilizaliwa kwa moto na maji. Wazee wa Kidatoga, ambao kwao Hanang ni mahali patakatifu, na wazee wa Kiiraqw wangealikwa kueleza walivyouishi mlima. Ndipo, baada ya miezi mingi, anayetaka angefika ukingoni mwa msitu. Asiyetaka asilazimishwe.

Tutaambiwa kwamba fedha hazipo. Lakini mengi ya mahitaji yapo tayari. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Hanang ina askari wake chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Chuo cha Mweka kimekuwa kikifundisha wahifadhi tangu mwaka 1963. Vyuo vikuu vyetu hufundisha saikolojia na unasihi. Klabu za Malihai zimo mashuleni tangu mwaka 1980, na Roots & Shoots, iliyoanzishwa Dar es Salaam na Jane Goodall mwaka 1991, imeenea duniani kote. Kinachokosekana ni daraja. Anayejua msitu hajafundishwa moyo wa mtoto, na anayejua moyo wa mtoto hajafundishwa msitu.

Tutaambiwa pia kwamba mitihani haisubiri. Ni kweli. Lakini mtoto anayetetemeka mawingu yakitanda hasomi, hata akikaa dawati la mbele. Saa mbili za nje kwa wiki si wizi wa masomo iwapo zinamrudisha mtoto darasani akiwa mtulivu.

Basi yafanyike mambo matatu. Kwanza, wizara zinazohusika na elimu na utumishi ziitambue kazi hii katika muundo wa utumishi, yenye ngazi na mshahara, ili kijana aliyehitimu asiione kuwa njia ya kupotelea. Pili, vyuo vya ualimu na vya uhifadhi viandae mafunzo ya pamoja. Tatu, wilaya ya Hanang iwe ya kwanza kujaribu, kwa kuwa ndiyo yenye kidonda na ndiyo yenye mlima.

Maafisa elimu na walimu wakuu wasisubiri waraka ili waanze lililo ndani ya uwezo wao. Kumtenganisha mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa ushauri hakuhitaji bajeti. Kukomesha kilimo cha adhabu hakuhitaji bajeti. Kuweka kipimamvua uani hakuhitaji mfadhili. Masika yatarudi Katesh, na watoto watakuwa madarasani wakiyasikiliza. Haifai yawakute tena na mwalimu asiye na la kuwaambia ila wafunge madirisha.